Fundi Pekee wa Taipureta

Vijana wakiniuliza siku hizi kama nchi yetu inaendeshwa kwa maarifa, nawaambia kwamba hapa Juba mimi niliwahi kuwa hayo maarifa yenyewe, na sikufurahia hata kidogo.

Tulirudi kutoka ukimbizini Uganda baada ya vita kwisha kwa amani ya mwaka sabini na mbili. Serikali ya jimbo ilikuwa changa na kazi yake yote ilikuwa karatasi: vibali, barua za ajira, orodha za waliorejea. Zilipigwa kwa taipureta kuukuu, na vumbi la Juba halina adabu. Fundi wa mashine hizo alikuwa mmoja tu, mimi. Mkuu wetu wa ofisi, tuliyemwita mudir, alipenda kuwaambia wageni kwamba nchi hii itajengwa kwa elimu. Akimaliza, ananitafuta kwa macho, maana mashine yake imekwama.

Ufundi niliupata Kampala kwa Mhindi aliyekuwa akinipa mgongo kila anapofungua mashine. Niliiba kwa macho miaka minne, na cheti hakunipa. Kule niliwaona wakimbizi wenzangu waliomfundisha mwenyeji kazi. Baada ya wiki mbili walikuwa barabarani, kazi kapewa mwenyeji. Nikarudi na woga huo. Karani wetu wa taipu, dada aliyekulia Uganda pia, aliponiomba nimwonyeshe jinsi ya kufunga springi, nilimwambia hiyo si kazi ya mwanamke. Uongo mtupu. Niliogopa.

Basi ikaja barua. Nafasi moja ya mafunzo Khartoum, miezi sita, na cheti mwishoni. Bila cheti nilikuwa daraja la tarishi, na ningebaki huko mpaka nizeeke. Nilipiga pasi shati langu la Jumapili nikaenda kwa mudir.

Hakunikatalia, angalau si siku hiyo. Aliuliza tu nitamwachia nani mashine. Akasema, kwa kunisifu eti, kwamba nikiondoka mimi serikali itasimama. Akanipa mwezi mmoja: nipate mtu wa kushika kazi, kisha niende.

Nikarudi kwa yule dada, uso umenishuka. Aliniacha nimesimama mpaka akamaliza ukurasa wake.

“Leo imekuwa kazi ya mwanamke?” akauliza.

Lakini alisogeza kiti. Nilikuwa nimewaambia watu wote kwamba kazi ile inataka miaka. Yeye wiki ya tatu alifungua mashine ya mudir, akaisafisha, akaifunga, na hakubakiza skrubu hata moja mezani. Nilifurahi, na roho ikaniuma. Miaka yangu minne ya Kampala haikuwa ugumu wa kazi. Ilikuwa ni kuchungulia tu.

Mudir akaniita. Fomu ya Khartoum ilikuwa imeshajazwa, kwa jina la yule dada. Alinieleza taratibu, kama mtu anayenitakia mema, kwamba wa kupelekwa shule ni yule ambaye hajaiva, na mimi nimeiva. Tena sasa nimeonyesha naweza kufundisha, kwa hiyo ataniletea wengine watatu.

Nilimchukia. Nilijichukia mimi zaidi, kwani ningemfundisha yule dada mapema, tungekuwa mafundi wawili siku barua ilipofika, na mudir asingekuwa na la kusema.

Yule dada akiwa bado Khartoum, wale watatu walikuja, nikawafundisha, sikuficha kitu. Walipohitimu, mudir aliwatolea vyeti vyenye mhuri na sahihi yake, na daraja zao zikapanda. Nikaona hapa ndipo pa kutokea. Nikamwomba na mimi aniandikie changu.

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, si dhihaka.

“Wale uliwapima wewe, ndipo nikasaini. Sasa wewe, ndugu yangu, nani hapa anajua kazi hii kukuzidi, hata akupime?”

Nilisimama pale na kofia mkononi nikitafuta jina la mtu. Nilitafuta Juba nzima kichwani. Kisha nikamwambia hakuna, nikarudi kazini.