Samadi ya Gatina yafufua jiko la Gatwekera

Saa moja asubuhi, Timothy Walubengo anaingia mtaa wa Gatwekera akisukuma mkokoteni wenye mapipa ya samadi mbichi, na watu wanampisha bila kuombwa.

"Walu, hiyo perfume yako nayo!" anamtania muuza mandazi.

"Ngoja tu. Leo tunawasha," anajibu, jasho likimchuruzika.

Walubengo ni mhudumu wa choo cha jamii. Chini ya choo hicho kuna tangi ambamo vijidudu hula uchafu na kutoa gesi, nayo hupanda kwa bomba hadi jikoni ghorofani, wanakopikia akina mama waliochoshwa na makaa.

Mwanzoni watu waliguna: nani atakula chakula cha gesi ya chooni? Caren Adhis, muuza maharagwe, ndiye aliyejitosa. Akawa anasugua choo mwenyewe ili mteja asipate la kusema. Siku moja akapitiliza, akamwaga madumu ya dawa ya klorini. Choo kiling'aa ajabu, ila vijidudu vilikufa na jiko likazima.

"Kumbe usafi yangu ndiyo ilituchoma," Caren anasema, mkono kifuani. "Nikarudi kwa makaa, kukohoa tu. Aki nililia."

Kamati ya choo haikulia. Mwenyekiti wake, Mzee Mukhwana, alitangaza kwamba moto usipowaka kufikia leo, jikoni patageuzwa stoo ya kukodisha.

Walubengo hakukubali. Alisikia kwamba samadi mbichi ina vijidudu vya aina ile ile, akafunga safari hadi Gatina, Kawangware, kwa Kabiru anayefuga ng'ombe nyuma ya ploti. Wiki kadhaa sasa anasukuma mkokoteni na kumimina samadi ndani ya tangi. Haba na haba hujaza kibaba; jana mshale wa kipimo cha gesi ulianza kupanda.

Ghorofani, Walubengo akiwa kando yake, Caren anafungua koki. Jiko linakohoa, linanyamaza. Anawasha njiti ya pili, na moto wa buluu unachanua pande zote.

"Imeshika! Walu, imeshika!" Anapiga kigelegele, anamkumbatia na samadi yake yote. Furaha iliyoje! Majirani wanapanda ngazi mbio.

Mzee Mukhwana naye anafika, tepu ya kupimia stoo mkononi. Anautazama moto, kisha anaanza kuikunja tepu taratibu.

"Usiweke, mzee," Walubengo anamdaka. "Shika hapa kwa bomba, mimi niende nayo mpaka nasari ya hapo jirani, tujue bomba la kufika huko ni mita ngapi. Sasa ni zamu ya uji ya watoto."

Mzee Mukhwana anashika ncha.