Mifereji ya Shimo la Tisa

Pale kwenye uwanja wa gofu walimwita Mzee Nyasi, ingawa maishani mwake hakuwahi kupiga hata mpira mmoja. Kazi yake ilikuwa kufyeka, kumwagilia na kunyamaza, na kwa miaka ishirini na tisa alizifanya zote vizuri, hasa hiyo ya kunyamaza.

Shimo la tisa, yaani kipande chote cha uwanja kinachoishia kwenye shimo hilo, lilikuwa lake. Mwanzoni lilikuwa kinamasi, mipira ikizama kama mawe. Meneja wa wakati ule, sasa marehemu, alimwambia, "Lifanye unavyojua." Akalifanya. Kushoto akaweka mchanga, kwa mwenye ubavu wa kuuvusha mpira. Kulia akaacha njia pana, ili hata mchezaji wa kubahatisha afike, polepole, bila kuaibika. Chini ya nyasi akachimba mifereji, akaijaza kokoto, akafukia. Ramani hakuchora. Fundi wa kweli, alijiambia, kazi yake haionekani. Kiburi kitamu sana hicho, mpaka siku ya kuhitaji ushahidi.

Mwaka huu akaja msanifu na michoro yake. Alitaka bwawa pale, lipendeze kwenye picha.

"Bosi, chini hapo kuna mifereji," Mzee Nyasi akasema. "Mkiikata, maji yatakosa pa kwenda."

"Iko wapi kwenye ramani?"

"Haimo. Niliichimba mwenyewe."

Msanifu akamtazama meneja mpya. Meneja akatazama saa.

"Mzee wangu, hapa pakavu miaka yote. Mifereji ya nini tena?" meneja akasema.

"Pakavu kwa sababu ya..."

"Tumekusikia, mzee. Asante."

Nyumbani mkewe alimsikiliza huku akikunja nguo.

"Baba watoto, maneno matupu hayavunji mfupa. Chukua jembe, fukua, waone kwa macho yao."

Asubuhi alifika mapema kabla ya wote, jembe begani. Alisimama juu ya nyasi alizozilea kuliko alivyowalea wanawe, na wanawe wanalijua hilo. Akainua jembe, akalishusha taratibu. Hakuweza kuzijeruhi. Akalirudisha stoo.

Saa nne tingatinga likachimba bila huruma, kokoto za mifereji na udongo vikapakiwa pamoja kwenye lori, asiangalie mtu. Wiki ile mvua ikanyesha siku mbili, na shimo la tisa lote likalala majini.

Msanifu alisimama ukingoni, uso umemng'aa.

"Mnaona? Hapa ni kinamasi kwa asili yake. Ardhi yenyewe ilikuwa inalilia bwawa."

"Mtaalamu ni mtaalamu tu," meneja akasema, kisha akamgeukia Mzee Nyasi. "Wewe ndiye mkongwe wa hapa. Si kweli palikuwa kinamasi?"

Uongo hakuuzoea.

"Ni kweli, bosi," akasema. "Palikuwa."

Wote wakacheka kwa furaha, na msanifu akampa mkono.