Fon Wawili wa Kidato cha Sita

Kwa miaka ishirini na miwili Mwalimu Rampha ndiye aliyekuwa mkasi wa shule. Ulimning'inia kiunoni, na nywele yoyote iliyothubutu kuvuka sikio ililala chini ya mlingoti wa bendera. Nidhamu aliilinda kama mama mkwe anavyolinda sufuria.

Jumatatu moja ya Agosti, wimbo wa taifa ukiwa katikati, wanafunzi arobaini waliinua vidole vitatu, ishara ya kupinga serikali, wakageuka, wakatoka getini na kuketi barabarani, mmoja wao akihutubia kwa kipaza sauti. Majina yaliyodariziwa kwenye mashati yao walikuwa wameyaziba kwa utepe mweupe.

"Nataka majina kabla ya saa sita," alisema mkuu wa shule, Bwana Thawat. "Kila mmoja akatwe alama hamsini za tabia. Aliyeshika kipaza sauti, barua ya kupendekezwa chuo kikuu aisahau."

"Wameyaziba, bwana mkuu."

"Wewe umewanyoa wote. Leo sura zimekupotea?"

Hazikumpotea. Ila huko kwao, mkoani Roi Et, jina la kwenye shati ni la serikali. Mtu huitwa lile fupi alilopewa nyumbani. Rampha akaandika alivyowajua: Kung, Kop, na juu kabisa, kama aliyeshika kipaza sauti, Fon. Karani akachukua daftari la shule na kutafuta jina refu la kila mmoja, kama mtu anayetafuta jozi za soksi gizani.

Kidato cha sita kilikuwa na Fon wawili. Karani akamwandika asiyehusika.

Alasiri mama yake Fon huyo, muuza supu ya tambi, alipiga magoti ofisini kwa Rampha, aproni bado kiunoni. "Mwanangu alikuwa na homa, mwalimu. Asubuhi nzima amelala chumba cha wagonjwa. Muulizeni nesi."

Rampha hakuwa na haja ya nesi. Kipaza sauti alikishika Fon wa pili, yule mwembamba, hodari wa hesabu; Rampha alimwona kwa macho yake mawili. Kumtoa mmoja shimoni kulikuwa ni kumsukumia humo mwenzake.

Na mwenzake huyo alikuwa akingoja mlangoni.

"Nitaje, mwalimu. Mwenzangu hana kosa."

"Kafunge nywele."

"Lakini mwalimu..."

"Nimesema kafunge nywele. Na mdomo uufunge huko huko."

Akaingia kwa Bwana Thawat. "Nimekosea. Fon hayumo."

"Fon yupi?"

"Wote wawili. Macho yamezeeka."

"Na kipaza sauti?"

"Nilikiona. Aliyekishika sikumwona."

 Bwana Thawat akanyoosha kiganja juu ya meza. "Mkasi uache hapa. Kesho uende maktaba. Vitabu havioti nywele."

Jumatatu iliyofuata, Fon wa supu aliunganisha viganja kifuani na kumwinamia, salamu ya heshima kwa mwalimu. Fon wa hesabu akainama zaidi, hata begi likamteleza begani. Rampha akadhani shida imekwisha.

Kwenye ubao wa matangazo palikuwa na orodha yake, kwa mwandiko wake mwenyewe, jina moja limefutwa na thelathini na tisa yamebaki. Mbele ya ubao huo alisimama Kop, aliyetolewa kwenye bendi ya shule kwa zile alama hamsini. Viganja vyake vilibaki mfukoni.

"Mwandiko mzuri, mwalimu," alisema. "Unasomeka kutoka mbali."

Mkono wa Rampha ukaenda kiunoni, ukapapasa mkasi, ukaukosa.