Juzuu Mbili za Mzee Kanti

Nilikwenda London kufuata kamusi. Majirani zangu Mbeya niliwaambia namtembelea mdogo wangu Tumaini, na hilo pia lilikuwa kweli, lakini wenzangu wa klabu ya kung fu walijua kilichonipeleka. Tulifundishwa na mhandisi Mchina aliyekuja kujenga barabara. Aliporudi kwao alituachia kurasa chache za fotokopi, na tangu hapo kila mara mazoezi yalikatizwa na ubishi: mguu ukae wapi, pigo hili linaitwaje, na kwa nini liliitwa hivyo.

Siku moja niliuliza swali kwa Kiingereza kwenye kundi la mtandaoni la wapenzi wa taichi, kung fu ya mwendo wa taratibu, nikajibiwa kwa Kiswahili. Aliyejibu ni Mzee Kanti, Mhindi mzaliwa wa Tabora, aliyefundisha taichi London kwa miaka mingi. Alikuwa na kamusi elezo ya sanaa za mapigano na mila za Kichina, juzuu mbili nene, kila ingizo kwa Kichina na Kiingereza. Yeye na mkewe walikuwa wanahamia flati ndogo, na macho yake yalikuwa yanafifia kwa sababu ya presha ya macho. Aliniandikia kwamba nikifika atanipa zote mbili.

Uwanja wa ndege wa Heathrow, Tumaini alinipokea akiwa bado na sare ya kazi, maana anahudumia wazee majumbani na alitoka moja kwa moja kwenye shifti. Kwake Hounslow ndege zinapita chini kiasi kwamba watu hunyamaza kidogo, kisha huendelea na mazungumzo. Binti yake aliniamkia shikamoo vizuri kabisa, halafu mengine yote akasema kwa Kiingereza. Mimi niliendelea na Kiswahili changu na tukaelewana.

"Yaani dada umepanda ndege kufuata kitabu," Tumaini aliniambia akinipakulia wali. "Na mimi nikadhani umenimiss."

Jumatatu asubuhi nilipanda treni ya chini ya ardhi, nikabadilisha katikati ya jiji, nikafika Queensbury kwa Mzee Kanti nimekumbatia pakiti ya majani ya chai ya Rungwe. Mlango ulifunguliwa na Mama Nirmala, mke wa mzee, mwanamke mfupi mwenye sweta juu ya sari. Nyuma yake mzee alikuwa tayari amesimama. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyekuwa akiingoja salamu hiyo muda mrefu.

Sebuleni rafu zilikuwa karibu tupu na maboksi yamepangwa hadi dirishani. Muuza vitabu alikuwa amechukua vingi. Mama Nirmala alinieleza kwamba hajawahi kufungua hata kimoja. Kazi yake ilikuwa kuvipangusa vumbi. Kamusi yangu ilikuwa mezani.

Mzee hakunipa mara moja. Aliniomba kwanza nimsomee. Nilifungua juzuu ya pili penye yunshou, mikono ya mawingu, nikasoma Kiingereza, kisha nikageuza kwa Kiswahili sentensi moja moja. Alifumba macho. Aliniambia kwamba wanawe humsomea kila wakija, lakini kwa Kiswahili hajasomewa kitu tangu utoto. Kisha akainuka, akanisimamisha kati ya maboksi nifanye nilichosoma.

"Usiipeleke mikono," alisema, akanigusa kiunoni kwa ncha ya vidole. "Geuza hapa. Mikono itakuja yenyewe."

Nikarudi kesho yake, na keshokutwa. Tulisoma juu ya mitindo ya kaskazini na kusini, juu ya adabu ya kumpa mwalimu chai, juu ya kalenda ya wakulima. Mama Nirmala alituletea chapati za moto na kulalamika kwamba hatuli.

Siku ya mwisho mzee alizifunga juzuu zote mbili kwa kitambaa, akafunga fundo, akalifungua, akalifunga tena. Viganja vyake vikabaki juu ya kitambaa. Nilijua nikinyamaza zitakuwa zangu, na nilizitaka sana.

"Mzee, nikiondoka nazo zote, wewe utabaki na nini?"

Mkewe ndiye aliyejibu. "Atabaki na mimi, na mimi kung fu siijui."

Tulicheka, lakini mzee alikuwa ameinamisha kichwa. Ndipo Mama Nirmala akafungua fundo, akasukuma juzuu ya pili upande wangu na kuirudisha ya kwanza upande wa mumewe. Mzee akapinga kwamba kamusi haigawanywi, nusu haimfai mtu.

"Basi mtapigiana simu," alisema mkewe. "Nitamsomea mimi."

Nilirudi Mbeya na juzuu ya pili kwenye mkoba wa mkononi. Wenzangu walifurahi, kisha wakanuna kidogo walipogundua kwamba mapigo mengi wanayobishania yako kwenye herufi za mwanzo, kule Queensbury. Sasa kila Jumapili tunapiga simu, spika ikiwa wazi, nasi tumeizunguka uwanjani. Nilikwenda nikidhani tunahitaji kitabu cha kumaliza ubishi. Kumbe tulihitaji pia mtu wa kumuuliza, naye alihitaji kuulizwa.

Jumapili iliyopita tuliuliza kuhusu danbian, pigo la mjeledi mmoja. Mama Nirmala alisoma taratibu, mzee akimsahihisha matamshi kutoka pembeni. Katikati ya sentensi sauti ikakatika. Nikaita mara kadhaa, nikadhani mtandao umeondoka.

"Nipo, mwanangu," alijibu Mama Nirmala kwa mbali, akihema. "Nimeiweka simu mezani. Kitabu kinasema nitumie mikono yote miwili."