Mboga za Domisiana Hupumua Majini

Saa moja na nusu asubuhi, ukungu ungali umelala bondeni Ntobeye, wilayani Ngara, na Domisiana Bigirimana ameshaketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba yake, jagi la plastiki mkononi. Anachota maji kutoka kwenye sanduku la mbao, analiinua jagi hadi usawa wa bega, kisha anayamimina taratibu yarudi mlemle yalimotoka. Maji yanapiga, yanatoa povu, yanatulia. Anachota tena.

Mgeni asiyejua angedhani mama huyu wa miaka hamsini na minne anapoteza muda. Lakini juu ya sanduku hilo, kwenye matundu ya kifuniko cha plaiwudi kilichoachwa kona moja wazi ya kupitisha jagi, imesimama michainizi thelathini yenye majani mapana kama viganja. Hakuna udongo popote. Mizizi inaning'inia ndani ya maji, myeupe kama mvi.

"Watu wanajua mmea unakunywa," anasema bila kusimamisha kazi. "Hawajui kwamba unapumua, tena kwa huku chini. Mzizi ukikosa hewa unakufa kama mtu aliyezama. Mimi nimeizamisha mingi kabla ya kujua."

Anayo masanduku kumi na manne. Kumi yanapata hewa kutoka kwenye pampu ndogo ya umeme inayonguruma chini ya upenu. Manne ya mwisho, ambayo mpira wa pampu hauyafikii, anayahudumia kwa mkono, asubuhi, mchana na jioni.

Ni kilimo ambacho majirani zake walikicheka kwa muda mrefu. Leo wanakuja kununua mboga hapohapo uani, hasa Julai na Agosti, wakati vilima vya Ntobeye vimekauka na mashamba ya bondeni yamebaki vumbi.

Domisiana hakuanza na masanduku. Alizaliwa katika familia ya wakulima, akaolewa na mkulima na seremala, Felisiani, na kwa miaka ishirini na sita alilima migomba, maharage na mboga kwenye mteremko ulio mbele ya nyumba yao. Mboga zilikuwa zake peke yake. Kila Jumamosi alizipanga kwenye tenga na kuzipeleka Ngara mjini, akapita nyumba kwa nyumba.

Aprili 2018, siku moja baada ya mvua kubwa, alikuwa akipandisha mteremko na mkungu wa ndizi kichwani. Mguu uliteleza. Alianguka ubavu, mkungu ukamwangukia, na mfupa wa nyonga ukavunjika.

Alilala hospitali karibu miezi mitatu. Siku ya kuruhusiwa, daktari alimweleza kwamba atatembea, lakini kwa fimbo, na kwamba asithubutu tena kuinama na jembe. Anakumbuka kwamba hakulia pale hospitali. Alilia alipofika nyumbani na kuliona jembe lake limeegemezwa ukutani, pale pale alipoliacha.

"Kwetu mwanamke ni isuka," anasema, akitumia neno la Kihangaza la jembe. "Ukiolewa unapewa isuka. Ukiugua watu wanauliza, bado anaweza kulima? Mimi jibu lilikuwa hapana. Nilikuwa na miaka arobaini na saba, nikawa mtu wa kuletewa chakula."

Wifi yake, Ishimwe, anayeishi ng'ambo ya kijito, alichukua sehemu ya shamba la mboga ili lisiwe pori. Hakufanya ubaya wowote, Domisiana anasisitiza. Lakini kila alipomwona akipita na tenga kichwani alijifungia ndani.

Miezi ikapita hivyo. Ndipo siku moja akaamua kwenda mjini, si kuuza, bali kuwaaga wateja wake. Alipanda bodaboda, akaenda mlango kwa mlango akieleza kwamba wasimsubiri tena.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa Swabaha, mke wa Taufiki mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Familia hiyo asili yake ni pwani. Babu yake Taufiki alifika Ngara na biashara ya nguo. Wana duka na nyumba nyuma yake, lakini hawana hata hatua moja ya shamba. Ua wao ni saruji tupu.

Swabaha alimwamkia shikamoo, akamkaribisha chai, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamchukua hadi kwenye kona ya ua, akafunua kipande cha ubao kilichokuwa juu ya beseni. Saladi sita zilikuwa zimeota ndani ya vikombe vya mtindi vilivyotobolewa, mizizi ikielea. Pembeni kulikuwa na kipampu cha aina inayowekwa kwenye matangi ya samaki wa mapambo, kikitoa mapovu.

"Aliacha kuja, nami nikawa nakula kabichi za siku tatu," anaeleza Swabaha, ambaye sasa ana miaka thelathini na minane. "Nilijifunza kwenye simu nikajaribu kwa ajili ya jikoni kwangu tu. Nilimwonyesha mama ili acheke kidogo. Hakucheka. Alivuta kiti, akakaa pale karibu saa nzima anaangalia."

Domisiana alikuwa akiangalia urefu wa beseni. Lilikuwa limewekwa juu ya meza, na mtu aliweza kulihudumia akiwa amekaa.

Aliporudi nyumbani alimwomba mumewe amtengenezee masanduku matano ya mbao za mkaratusi, yenye miguu, yafike usawa wa magoti ya mtu aliyeketi. Felisiani ni mtu wa maneno machache. Anakiri kwamba hakuamini hata kidogo.

"Niliyatengeneza ili moyo wake utulie," anasema. "Nilijua zitakuwa mbao za banda la kuku baadaye."

Waliyatandika nailoni nyeusi ndani. Swabaha aliwapa mbolea ya kuyeyusha, ambayo mumewe huiagiza Mwanza, akamwelekeza Domisiana vipimo kwa kijiko. Umeme ulikuwa haujafika nyumbani kwao, kwa hiyo pampu haikuwezekana. Domisiana alijaza maji hadi yakagusa kifuniko, akaamini kwamba mmea uliozungukwa na maji hauwezi kupata shida.

Katika wiki ya tatu majani yalianza kunywea. Aliongeza maji. Yakanywea zaidi. Alipoinua kifuniko alikuta mizizi imekuwa ya kahawia, inateleza, inanuka kama maharage yaliyochacha. Sanduku moja baada ya jingine, mimea yote ikafa.

Isipokuwa kwenye sanduku la tano. Hilo ndilo alilolionea aibu kuliko yote, kwa sababu nailoni yake ilikuwa na tundu na maji yalikuwa yakivuja kidogo kidogo kila siku. Alikuwa ameshalikatia tamaa, hata akaacha kuliongezea maji. Alipolifunua, maji yalikuwa yamepungua vidole vinne kutoka kwenye kifuniko. Katika nafasi hiyo tupu mizizi ilikuwa imejaa, minene, yenye vinyweleo, na juu yake spinachi zilikuwa zimesimama wima.

Alichomoa mmea mmoja na mizizi yake, akaufunga kwenye kanga, akapanda bodaboda hadi kwa Swabaha. Wanawake wawili waliulaza juu ya meza wakautazama. Kipampu cha mjini kilikuwa kinasukuma hewa ndani ya maji. Sanduku linalovuja lilikuwa limeiachia mizizi nafasi ya kuipata hewa yenyewe.

"Nilimwambia, Mama Audax, hapa wewe ndiye mwalimu," anasimulia Swabaha. Audax ni mtoto wa kwanza wa Domisiana, sasa ni fundi magari Biharamulo. "Mimi nilifuata nilichosoma. Yeye alikuwa ameona kwa macho yake."

Tangu siku hiyo Domisiana hajajaza sanduku hadi juu. Huanza na maji mengi wakati mche ni mdogo, kisha huyaacha yashuke kadiri mizizi inavyorefuka, akipima kwa vidole. Na kwa sababu hakuwa na pampu, alianza kumimina kwa jagi, maji yaanguke kutoka juu yakiwa yamebeba hewa. Mavuno ya kwanza yalikuwa madogo. Ya pili yalijaza tenga.

Kijijini walimwita mama wa mabeseni. Ishimwe, wifi yake, ndiye aliyelianzisha jina hilo, na halikuwa la kumsifu. Alisema wazi kwenye jumuiya ya kanisa kwamba mboga isiyogusa udongo ni ugonjwa. Domisiana hakubishana naye. Alikuwa na kazi.

Mwaka 2022 umeme ulifika, akanunua pampu, akaongeza masanduku hadi kumi na manne. Mwaka uliofuata, katikati ya kiangazi, alipata mteja ambaye kila mkulima wa mboga Ntobeye alimtamani: Leonidasi, mwenye mgahawa mkubwa kwenye barabara ya kwenda Rusumo, ambako madereva wa malori husimama kula. Alitaka chainizi na spinachi kila Jumanne na Ijumaa, mwaka mzima. Lakini alikuwa ameshachoshwa na ahadi za wakulima. Alimweleza Domisiana kwamba siku atakayokosa mzigo mara moja, atarudi kununua sokoni na hatamtafuta tena.

Mwezi Septemba Leonidasi aliahidi kuhudumia harusi ya watu mia mbili na hamsini, siku ya Ijumaa. Aliagiza mboga za masanduku yote kumi na manne, akasema Jumanne ya wiki hiyo asiletewe kitu.

Jumapili kabla ya harusi, mvua ya kwanza ya msimu iliingia na upepo. Nguzo tatu za umeme zilianguka. Pampu ilinyamaza. Mafundi walifika kesho yake, wakasema kazi ni ya siku tano.

Mimea iliyozoea mapovu haivumilii kuyakosa. Domisiana alijua kwamba asipofanya kitu, kufikia Jumanne majani yatanywea. Alijua pia kwamba akipunguza maji yote kwa mpigo, mizizi iliyozoea kuzama itakauka. Akaamua kufanya yote mawili pole pole: kila baada ya muda anachota maji kidogo na kuyaweka pembeni, kisha anachukua jagi na kumimina kutoka juu, jagi hamsini kila sanduku, halafu linalofuata. Akifika la kumi na nne anarudi la kwanza.

Felisiani aliacha kazi yake ya mbao, akachukua masanduku saba. Walimimina Jumatatu nzima. Kufikia jioni Domisiana hakuweza kuinua mkono wa kulia, akahamia wa kushoto.

Jumanne asubuhi Ishimwe alivuka kijito. Aliwaangalia kaka yake na wifi yake, kisha akaingia jikoni, akatoka na jagi jingine.

"Nilimwona anamimina kwa mkono wa kushoto, wa kulia umekataa, lakini haachi," anasema Ishimwe leo, akiangalia pembeni. "Mimi nalima kwa miguu miwili mizima. Sijawahi kulipigania shamba langu vile."

Walimimina watatu kwa zamu, siku tatu. Jumatano majani ya sanduku la pili yalilegea, wakaliongezea zamu mbili, na Alhamisi yakasimama. Ijumaa alfajiri walivuna. Kati ya mimea mia nne na ishirini, walipoteza kumi na mmoja tu.

Leonidasi alikuja mwenyewe na pikapu. Alikuwa amesikia kwamba umeme umekatika Ntobeye, na alikuwa amejiandaa kuendelea hadi Biharamulo kutafuta mboga. Alikuta matenga yamepangwa barazani, yamefunikwa kwa majani ya mgomba. Alifunua moja, akavunja jani la chainizi, akasikia linavyolia. Kisha akamuuliza Domisiana kama anaweza kuongeza masanduku.

"Hakuniambia pole, hakuniambia hongera," Domisiana anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anaweka jagi chini, anacheka. "Aliniambia ongeza. Nilifurahi kuliko siku niliyotoka hospitali."

Leo, wakati wa kiangazi, masanduku hayo humwingizia hadi shilingi 80,000 kwa wiki, zaidi ya alichokipata alipokuwa na shamba na nyonga nzima. Yeye ndiye anayemlipia kitinda mimba wake ada ya chuo cha ualimu. Ishimwe ana masanduku matatu yake mwenyewe, na jina la mama wa mabeseni bado linatumika, ila sasa watu hulitumia wanapouliza njia ya kufika kwake.

Swabaha naye humtembelea kila mwezi, akija na mbolea, akirudi na spinachi. Anasema mumewe amesahau kabisa kwamba jambo hili lilianzia kwenye ua wao, na yeye hana haja ya kumkumbusha.

Kuna orodha ndogo imebandikwa kwenye mlango wa jikoni. Ina majina sita ya wanawake wa parokia ambao, kwa sababu ya uzee au ulemavu, hawawezi kushika jembe. Domisiana anataka kila mmoja awe na masanduku mawili kabla ya Pasaka. Mbao zimeshapasuliwa. Felisiani, ambaye wakati ule aliwaza banda la kuku, sasa anachonga miguu ya masanduku na kupima urefu wake kwa kila mwanamke akiwa ameketi.

Wa kwanza kwenye orodha ni Konsolata Minani, wa Mabawe, aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Miaka miwili hajatoka nyumbani isipokuwa kwenda kanisani na hospitali. Leo ameletwa kwa pikipiki ili aone. Amewekwa kivulini, na kwa muda mrefu amekuwa akitazama jagi linavyopanda na kushuka.

Anasema amesikia kazi hii inahitaji kusoma. Domisiana anamjibu kwamba yeye aliishia darasa la nne, na anampa jagi.

Konsolata anachota, anamimina chini chini, maji hayatoi povu. Domisiana anamshika kiwiko, anakiinua. Safari ya pili maji yanapiga vizuri, na matone yanamrukia usoni. Hayafuti.

"Tunaanza lini?" anauliza.

"Jumatatu," anajibu Domisiana. "Uje na kiti chako."