Kete Sitini na Nne

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa bisibisi moja, kitambaa, na pedi kumi na mbili za gemu zilizokufa. Duka lilikuwa Kariakoo, mtaa wa vifaa vya umeme, na mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapohapo jirani. Nilitengeneza pedi ya kwanza nikampelekea kwa furaha.

"Imepona, mzee."

"Umeibonyeza mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mteja ataibonyeza mara moja?" Akanirudishia. "Kila kitufe mara mia. Ikikosa hata mara moja, haijapona."

Nilibonyeza hadi kidole gumba kikavimba. Sikusomea kazi hii popote. Umeme nilijifunza kwa vitabu vya mitumba, programu nilijifunza kwa kukosea. Lakini kipimo cha mara mia nilikitoa kwa mzee yule, na ndicho kilichonilisha miaka yote iliyofuata.

Vijana wa leo ni vigumu kuwaeleza gemu zilivyokuwa zikija wakati ule. Zilikuja kwenye sahani za CD, zimekamilika. Aliyetengeneza akiacha kasoro, ilibaki hapo milele na jina lake likiwa juu ya kasha. Kwa hiyo alijaribu, akajaribu tena, kabla ya kuuza. Siku hizi mchezo unauzwa nusu, kisha unarekebishwa ukiwa tayari mikononi mwa watu, kama kuna mtu atajali kuurekebisha. Kampuni haikosi mafundi wa kuumaliza. Inajua tu kwamba mteja ameshalipa.

Miaka kadhaa baadaye niliajiriwa Upanga, katika kampuni ndogo ya kutengeneza michezo ya simu. Cheo changu kiliitwa mhakiki. Mhakiki hachezi kwa raha. Anatafuta mahali mchezo unapovunjika. Kila kasoro nilikuwa naiandika kwenye daftari na kuipa rangi: njano kwa inayokera, nyekundu kwa inayozuia mchezo kutoka. Mwisho kulikuwa na fomu ya kuachia, na bila sahihi yangu toleo halikwenda sokoni.

Nilikuwa na desturi yangu. Toleo likikamilika nilirudi nalo Kariakoo, nikampa simu mtu yeyote aliyepumzika kidogo, mbeba mizigo au muuza vitenge, kisha nikanyamaza. Simwelekezi. Naangalia kidole gumba chake. Kidole kikisita mara tatu mahali pamoja, kosa ni letu.

Niseme na aibu yangu. Mchezo wetu wa magari niliupitisha mimi. Mkuu wa Mauzo, kijana mwerevu aliyependa kutembea akiongea na simu, alitaka gari liharibike kila baada ya mbio mbili, mchezaji asubiri nusu saa au alipe. Nilipekua daftari langu, sikuona kasoro. Kila kitufe kilifanya kazi. Nikatia sahihi. Kariakoo vidole havikusita. Watu walinirudishia simu tu, kwa adabu, wakaendelea na shughuli zao. Ndipo nilipoongeza mstari mpya kwenye daftari: kumchosha mchezaji kwa makusudi, nyekundu.

Kisha ukaja mchezo wa bao.

Vijana wetu wa programu waliutengeneza vizuri mno. Sauti ya kete ikidondoka shimoni walirekodi kwenye ubao halisi. Wiki ya mwisho nikafungua toleo nikahesabu kete, kama kawaida yangu, kisha nikaanza kucheza. Nilikuwa nikishindwa, kikatokea kitufe: nunua kete mbili. Nikakibonyeza. Ubaoni zikawa kete sitini na sita.

Nikaenda kwa Mkuu wa Mauzo.

"Bao lina kete sitini na nne," nikamwambia.

"Mteja akikwama tunamwokoa, Dada. Kete mbili tu. Nani anahesabu bwana?"

"Siweki sahihi."

"Mkataba wako unaisha mwezi huu," akasema taratibu, bila ukali. "Na mapendekezo nayaandika mimi."

"Andika. Lakini kwanza twende ukamwone anayehesabu."

Akacheka, akachukua funguo za gari.

Nilimpeleka kwenye baraza moja nyuma ya soko, anakocheza bao Mzee Kondo, mchuuzi mstaafu wa nazi ambaye sijawahi kusikia amefungwa mara mbili kwa siku moja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeniletea mtu wa kumfunga?"

Nikampa simu, nikanyamaza. Alisifia sauti ya kete. Alicheza akitabasamu. Kompyuta ilipombana, kitufe kikatokea, na Mkuu wa Mauzo akakibonyeza mwenyewe kwa haraka. Mzee akasogeza simu karibu na macho.

"Hizi mbili zimetoka wapi?"

"Umenunua, mzee. Zawadi yangu."

"Kwa nani? Mwenzangu sijamla."

Wenzake wakaangua kicheko. "Kesho tuletee mpira wenye magoli matatu," mmoja akasema, "utuuzie moja!"

Asiyejua bao aelewe hivi: kete hazizaliwi ubaoni. Ninazopata mimi ni zile ulizopoteza wewe, na utamu wote uko hapo.

"Lakini sasa utashinda, mzee," Mkuu wa Mauzo akasema.

Mzee Kondo akailaza simu kifudifudi kando ya kikombe chake cha kahawa. "Mwanangu, nikishinda hapa nitakuwa nimemfunga nani?"

Njia nzima ya kurudi Upanga, kijana hakushika simu.

Niliandika kwa kalamu nyekundu: bao lina kete sitini na sita. Siku tatu fomu ililala mezani kwangu. Ya nne Mkuu wa Mauzo akaingia mwenyewe. Alikuwa amekwenda kwa Mkurugenzi, wamekubaliana kuuza mapambo ya ubao, nakshi na aina za mbao, kete zisiguswe. "Kaangalie tena," akasema. Nikaangalia mara mia. Nikatia sahihi. Mkataba nao ukaja, wa mwaka mmoja badala ya miwili, na nikaufanyia kazi wote bila kinyongo.

Nilistaafu kwa hiari nikiwa na miaka hamsini na tano. Macho yalichoka na vioo vidogo vya simu. Wenye michezo wataendelea kutafuta faida, na sina ugomvi nao, nami nililishwa na faida hiyohiyo. Nilichopigania ni faida isivuke mpaka wa ubao.

Sasa nipo nyumbani, Buguruni. Kila toleo jipya la bao likitoka nalipakua asubuhi ileile, kabla ya chai. Sichezi kwanza. Nahesabu: kumi ubaoni na ishirini na mbili ghalani zikisubiri kuingizwa, upande wangu; kumi na ishirini na mbili, upande wa pili.

Bado ni sitini na nne.