Ndengu Zilizokwama Uholanzi

Ukitaka kumpata Wambua saa za mchana, usimtafute nyumbani kwa bosi wake. Mtafute nje ya shule moja ya kaskazini mwa Riyadh, ndani ya gari jeupe lililoegeshwa chini ya lile turubai ambalo madereva wote hugombania kivuli chake. Hiyo ndiyo ofisi yake. Kiti amekilaza nyuma kidogo, simu ameibandika kwenye dashibodi, na puani kavaa miwani ya kusomea aliyoinunua sokoni Al-Shumaisi, ambayo hapendi mtu amwone nayo. Wenzake wanacheza karata au wanapiga soga na wake zao kwa simu. Wambua anawauzia Waholanzi vyondo, vile vikapu vya kusukwa vya kwao Ukambani.

Ukicheka hutakuwa wa kwanza. Derrick, dereva mwenzake kutoka Kakamega, alicheka mpaka akashikilia mlango wa gari asianguke.

"Boss, wewe hata kupitia airport ya Amsterdam hujawahi. Utauzia nani huko?"

Wambua akarudi kwenye simu yake. Ni mtu wa maneno machache na kichwa kigumu, na mtu wa aina hiyo ukishindana naye utachoka wewe kwanza.

Alikuwa na sababu yake, nayo ilikuwa nyumbani Mwingi: binti yake, anayesoma shule ya msingi na anaitwa Stacy. Baba yake alipoondoka kwenda Saudia, Stacy alikuwa anatambaa. Sasa anamsomea insha kwa simu na kumsahihisha Kiingereza. Miaka sita yote hiyo Wambua ameiendeshea gari familia ileile, na hana ugomvi nao: baba mwenye nyumba ni mtu wa haki, na madam hajawahi kusahau kumtolea sahani yake. Lakini mkataba ulikuwa unaisha baada ya Idi. Yeye na mkewe, Maryann, walikuwa wamekubaliana: vyondo vikiweza kulisha nyumba, anarudi. Visipoweza, ikama, kile kibali cha kuishi na kufanya kazi Saudia, inafanywa upya na ni miaka miwili mingine ya kumwona mtoto kwenye kioo cha simu.

Biashara yenyewe ilianza kwa kiondo kimoja. Mama yake, Syombua, ndiye aliyemsukia, akampa siku ya safari kikiwa kimejaa ndengu, kwa sababu kwao mtu hapewi kiondo kitupu, na anayepewa naye hakirudishi kitupu. Ndengu ziliisha wiki ya kwanza. Kiondo kikabaki garini, kikibeba chupa za maji za watoto wa bosi. Siku moja mwalimu mmoja wa shule ile, mama wa Kiholanzi, alikiona, akakigeuzageuza, akauliza kimenunuliwa wapi. Alisema kwao watu huenda sokoni Jumamosi na kikapu begani, na kwamba kikapu kama hiki wangekipenda sana. Wambua alirudi kwenye kiti chake akiwa mtu mwingine.

Mipango ikapangwa. Maryann aliisajili biashara kwa jina lake kule Mwingi, kwa kuwa ikama ya mumewe inasema dereva, na Wambua si mtu wa kuchezea karatasi. Syombua na wanawake wa kikundi chake wangesuka. Walikuwa wamechoka na yule dalali wa Nairobi aliyekuwa akija na pikapu na kutaja bei bila hata kushuka. Kazi ya Wambua ikawa kuchagua soko.

Akaanza kwa kukosea, na alikosea kwa tamaa, tusimfiche. Aliliendea soko la mtandaoni lililo kubwa kuliko yote kule Uholanzi, ambamo mwalimu alimwambia kila nyumba hununua, kuanzia nepi hadi friji. Alipojaribu kufungua duka, akaulizwa kampuni yake imesajiliwa nchi gani ya Ulaya na namba yake ya kodi ni ipi. Akasoma mbele: mzigo uwe tayari kwenye ghala la kulekule, mteja akiagiza leo, kesho agongewe mlango. Wambua akamfikiria mama yake ameketi uani, anasokota katani pajani, kiondo kimoja wiki na nusu, halafu kuna Mholanzi anakitaka kesho. Akacheka peke yake garini.

La pili lilikuwa soko la matangazo, ambamo watu huuziana baiskeli na makochi yao ya zamani. Hili halikuwa na maswali mengi. Alibandika picha asubuhi, na kabla watoto hawajatoka shule akapata ujumbe. Mtu aliuliza kama bei inapungua, na kama anaweza kupita Jumamosi kukichukua. Wambua akamjibu kwa adabu kwamba kiondo kiko Mwingi. Yule mtu hakuandika tena.

"Wewe rudi kwa ile kubwa," Derrick alimshauri. "Kuna jamaa najua ako na kampuni Ulaya. Anaweza kukukodishia jina."

Kusema kweli, Wambua alikuwa karibu kukubali. Kilichomwokoa ni likizo ya shule. Familia iliamua kwenda Jeddah, naye akawaendesha ile barabara ndefu mpaka mgongo ukamlalamikia. Alasiri aliyopewa kupumzika hakulala. Alienda mtaa wa Sharafiya kumtafuta Damaris, mwana wa shangazi yake, ambaye ni karani kwenye ofisi ya mizigo. Kabla ya kwenda Saudia, Damaris alifanya kazi miaka mingi Naivasha kwenye shamba la maua, na kazi yake ilikuwa kujibu wanunuzi wa Uholanzi.

Walikaa kwenye mgahawa wa wali na samaki, nje ya duka la simu. Damaris alimsikiliza mpaka mwisho, kitu ambacho ndugu zetu wengi hawawezi.

"Kosa lako, wewe unatafuta soko iko na watu wengi," alimwambia. "Tafuta soko iko na watu wanataka chako."

"Si ni Waholanzi walewale, dada?"

"Ni walewale, lakini wamekuja na shida tofauti. Kwa ile kubwa mtu anataka kikapu, chochote, bei ya chini, na kesho. Lakini kuna ingine, ya kazi za mikono pekee; huko mtu anataka kujua ni nani alisuka. Huyo atangoja."

"Atangoja mpaka lini?"

"Mpaka siku umemwambia. Hapo usicheze. Mholanzi hana shida na wiki tatu. Shida yake ni ukimwambia wiki tatu halafu ziwe nne. Mwandikie kila kitu: urefu, kinabeba kilo ngapi, kodi ya kuingiza analipa nani. Na akitaka kurudisha, kirudi, usimuulize kwa nini. Chenye umeandika ndicho akute kwa kifurushi. Si kidogo, si zaidi."

"Hata zaidi hataki?"

"Ukimpatia zaidi anashtuka, anadhani kuna mtego."

Wakacheka mpaka mwenye mgahawa akawatazama. Damaris akaongeza, "Na hiyo kampuni ya kukodi, halas, achana nayo. Wewe ni dereva. Huwezi ingiza gari mahali hujapima."

Wambua alirudi Riyadh na uamuzi mmoja: soko la kazi za mikono. Alimtumia Maryann maagizo yote, neno kwa neno, isipokuwa lile la mwisho. Lile la "si zaidi" aliona ni mzaha tu wa mezani. Nani atampa mteja zaidi, na biashara yenyewe ndiyo kwanza inaanza?

Duka likafunguliwa. Mwalimu akawasahihishia Kiholanzi, na kila kiondo kikawekewa picha ya mikono iliyokisuka. Oda ya kwanza, ya mama mmoja wa Utrecht, iliingia Wambua akiwa anaosha gari. Alipiga ukelele, madam akatoka mbio akishika shela yake.

"Wambua! Mushkila?" aliuliza, akidhani kuna shida.

"Mafi mushkila, madam! Nimeuza kikapu!"

Kufikia Desemba, Waholanzi wakinunua zawadi za sikukuu yao ya watoto, oda zilikuwa zimekuja za kutosha kuwashika wanawake wa kikundi kizima. Maryann alifunga, akatuma. Wambua alianza kuota mchana, na katika ndoto hizo hakuna aliyekuwa akimpigia honi.

Kisha vifurushi vikakwama. Wiki tatu zikapita, mteja wa kwanza akaandika, wa pili akaandika, na soko likamwonya kwamba wateja wakizidi kulalamika duka litafungwa. Wiki hiyohiyo baba mwenye nyumba alimuuliza kama aanze kushughulikia ikama. Wambua aliomba siku chache. Siku ya pili yule mama wa Utrecht akamtumia picha ya barua kutoka forodha. Wambua aliipeleka kwa mwalimu getini. Mwalimu akaisoma, akakunja uso.

"Wanasema ndani mna mbegu. Mbegu bila kibali haziruhusiwi kuingia."

Wambua akampigia mkewe palepale.

"Mama Stacy, ndani ya vile vyondo mliweka nini?"

Maryann akashusha sauti. "Ndengu. Kidogo tu, kikombe kikombe."

"Nani aliweka?"

"Baba Stacy, uliza swali lingine."

Basi akajua. Na angemlaumuje? Ni mke gani wa Ukambani atasimama mbele ya mama mkwe amtolee ndengu alizozitia kwa mkono wake? Akaomba simu apewe mama yake.

"Mwaitu, ndengu za nini?" Kwao mama huitwa hivyo, hata na mwanamume mwenye mvi.

"Za kula," Syombua akajibu. "Kwani huko hawali?"

"Wamezishika, mwaitu. Vyondo vyote wamevishika."

"Wambua, nisuke wiki na nusu, halafu kiende nyumba ya mtu kitupu kama kina laana? Huyo mama atasema amenunua kwa watu wa namna gani?"

Wambua alikata simu akiwa na hasira, kisha akaona haya kumkasirikia mama yake, na haya ikamuuma kuliko hasira. Alijua kosa ni lake. Damaris alimpa lile neno la "si zaidi" alipeleke kwa Maryann, naye akaliacha juu ya mifupa ya samaki kule mgahawani.

Derrick akamwambia alaumu posta, warudishiwe pesa, yaishe. Damaris, kwa simu kutoka Jeddah, alicheka kwanza, akacheka sana, halafu akasema, "Waambie ukweli. Wote. Leo."

Akaandika hapohapo chini ya turubai. Aliwaambia kwamba waliosuka vyondo vile wanatoka mahali ambapo kumpa mtu kiondo kitupu ni kumtusi, kwamba ndengu zile zilikuwa heshima, na kwamba yeye ndiye aliyesahau kuwaeleza kina mama sheria za mbali. Kila mmoja alipewa achague: arudishiwe pesa yake au asukiwe kingine. Bwana mmoja alichukua pesa na kuacha nyota moja, ni haki yake. Waliobaki karibu wote walikubali kungoja. Mama wa Utrecht aliandika: "Nimenunua vitu maisha yangu yote. Hakuna duka lililowahi kuniwekea chakula." Wambua aliisoma barua hiyo mara nyingi, na akavua miwani kuifuta ingawa haikuwa na vumbi.

Ila Syombua sasa akagoma. Kama ndengu zimekatazwa, hasuki. Na yeye akigoma, kikundi kizima kinakunja mikono. Maryann akabembeleza, Stacy akabembeleza, bibi yule akawa anapika tu na kufunga mlango. Wambua akamwomba baba angojee jibu la ikama kidogo tena.

Aliyelifungua fundo ni mwenyewe aliyelifunga. Asubuhi moja Syombua alitoka na kiondo alichokuwa amekimaliza, akachukua uzi wa katani uliobaki, wa rangi zilezile, akausokota kuwa kijibonge kama yai, akakitia ndani.

"Kikichanika, huyo mama ashone," alisema. "Nao uzi umekatazwa?"

Damaris akathibitisha haukukatazwa, kwa kuwa kiondo chenyewe ni katani hiyohiyo. Wambua akaliandika hilo dukani kwa Kiholanzi, wajue kabla ya kununua kwamba kila kiondo kinakuja na uzi wake wa kukitibu. Sasa ikawa si zaidi tena. Ikawa ndicho kilichoandikwa. Ajabu ni kwamba watu wengi wakaanza kuagiza kwa sababu ya ule uzi. Mwalimu alimweleza kuwa kwao mtu akipewa cha kukarabatia kitu chake, humwamini aliyemuuzia. Kufikia Ramadhani, Maryann alilipa karo ya Stacy na kununua unga bila kungoja pesa za Riyadh, akampigia mumewe kumwambia hivyo.

Baada ya Idi Wambua alisimama mbele ya baba.

"Halas, Wambua?"

"Halas, baba. Naenda nyumbani."

Baba alimshika mkono muda mrefu. Madam alimletea tende za kisanduku kizuri, na Wambua, akifunga virago kwenye chumba chake cha getini, akazimimina zote ndani ya kile kiondo cha zamani. Kisha, kwa kuwa sasa amefundishika, akampigia Damaris kuuliza kama forodha ya Nairobi ina neno na tende. Damaris alimcheka tena.

Mwisho akampigia mama yake.

"Mwaitu, nakurudishia kiondo chako. Nimekitia tende. Zinatosha, ama niongeze kitu?"

"Tende ni za Stacy," Syombua akasema. "Mimi nilikupa ndengu uzile zikurudishe. Kitundike begani upite nacho hapa kwa geti ya nyumbani. Ukifika nacho wewe, kwangu kitakuwa kimejaa hata bila tende."